Safu ya Jina la Mbwa

Kwetu mbwa hakupewa jina lake. Alipewa maneno ambayo mwenye mbwa alitaka kumwambia jirani na hakuwa na ubavu wa kumwambia usoni. Ukimchukia jirani unafuga mbwa, unamwita kwa sauti asubuhi na jioni, na jirani yuko upande wa pili wa ua anasikia kila neno. Hawezi kukushtaki kwa balozi wa nyumba kumi, maana wewe umemwita mbwa tu. Nilikulia kwenye kilima kimoja cha Karatu chenye mbwa walioitwa Mtasema, Sikuombi, Umeona Sasa, na mmoja wa mke mkubwa aliyeletewa mwenzake, ambaye aliitwa Hata Wewe Utazeeka. Nayatafsiri hapa, kwa sababu yalitamkwa Kiiraqw, na kwa Kiiraqw yanauma zaidi. Niliona hiyo ni tabia ya watu waoga. Nilipokwenda chuo cha mifugo niliwasimulia wenzangu waliotoka mjini, wakacheka mpaka wakatokwa machozi, nami nikacheka nao kama mtu ambaye hakuzaliwa pale.

Nilirudi kilimani mwanzoni mwa miaka ya themanini nikiwa bwana mifugo msaidizi, mwenye umri wa miaka ishirini na minne na viatu vya ngozi vilivyonisumbua kuliko kazi yenyewe. Sukari hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya taa unapewa kwa kibali. Lakini dawa ya kuchanja mbwa ilifika kutoka Arusha, ndani ya kasha la barafu, na Land Rover, na dereva ambaye alijua kila kitu duniani isipokuwa kufunga mdomo.

Dawa ililetwa kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Mwaka uliotangulia mwanamume mmoja wa bondeni aliumwa na mbwa wake mwenyewe, akafunga kidonda kwa kitambaa, akaendelea kupalilia mahindi yake. Baada ya wiki kadhaa akashindwa kumeza maji. Ndugu zake wakamfungia kwenye ghala, na watu waliokwenda kumwona walirudi hawataki kueleza walichokiona. Alikufa siku ya nne. Kwa hiyo kila mtu pale kilimani alijua kwamba ugonjwa ule ukishaanza hauna dawa, na kwamba dawa ni ile inayotangulia: mbwa achomwe sindano kabla hajaugua, au aliyeumwa achomwe yeye kabla hajaanza kuogopa maji. Ungedhani ujuzi huo ungewafanya wawe na akili. Haukuwafanya, na mimi ambaye nilikuwa na cheti cha ujuzi huo ndio kabisa.

Bwana mifugo wa wilaya, mkubwa wangu, hakupenda mbwa, wala watu, wala ng'ombe. Alipenda vitabu vya kujaza. Alinikabidhi rejista moja kubwa yenye jalada la kijani na safu sita: jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, jinsia, rangi, tarehe, saini. Kila kaya iliyotajwa na balozi kuwa ina mbwa ilitakiwa iwe na mstari wake, na kila chupa ya dawa iliyofunguliwa ilitakiwa ioane na mistari. Ukiacha safu tupu, barua inakuja. Ukijibu barua, inakuja nyingine.

"Kitabu kikijaa, kazi imekwisha," aliniambia.

Nilimdharau kwa maneno hayo. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nayasema mimi.

Siku ya chanjo ya kilima chetu watu walikuja kwenye uwanja wa shule na mbwa wao wamefungwa kamba za katani, wengine wamewabeba mabegani kama ndama. Nilikuwa nimeketi nyuma ya meza ya mwalimu mkuu. Nilikuwa nimesahau habari ya majina. Nilikuja kukumbuka pale mtu wa kwanza kwenye foleni alipoulizwa mbwa wake anaitwa nani, akatazama chini, akatazama nyuma alikosimama shemeji yake, akasema, "Popi."

"Popi?" nikauliza. Mbwa mwenyewe hakugeuza hata sikio.

"Popi, ndiyo."

Nikaandika Popi. Wa pili akasema Simba. Wa tatu Simba. Wa nne, ambaye kwa miaka yote ya utoto wangu nilimsikia akiita Sikuombi kuanzia kunapokucha mpaka giza, alinitazama machoni bila kupepesa akasema Tomi. Wote walikuwa wamethubutu kutukanana kwa mdomo wa mbwa miaka nenda rudi, lakini mbele ya kitabu cha serikali wakanywea. Nilifurahi. Nilidhani nawastaarabisha.

Kisha akaja jirani mmoja, mzee wa kanisa, mtu wa koti na kofia hata jua liwake namna gani. Kilima kizima kilijua habari yake. Wakati watu walipohamishiwa vijijini katikati ya miaka ya sabini, mipaka ikavurugika, na yeye alipopimiwa upya alijikuta ana kipande kirefu chenye rutuba kando ya kijito ambacho zamani kilikuwa cha marehemu mume wa mama mmoja jirani yake. Alijikuta nacho, ndivyo alivyosema, kama mtu anayejikuta na mafua. Mjane alilalamika kwa balozi, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mchungaji. Hakuna aliyeandika lolote. Basi akafuga mbwa, jike jeusi lenye kifua cheupe, akamwita Ulichukua. Mzee akajibu kwa kufuga wake, akamwita Shahidi Nani. Miaka sita wale wawili hawakusalimiana, lakini waliongea kila siku asubuhi na jioni.

Mbele yangu mzee alivua kofia. "Huyu ni Popi," akasema kwa sauti ile ile aliyosomea matangazo ya ibada. Mbwa wake akachomwa, akapigwa wino wa bluu kichwani, akaenda zake. Nyuma yake alisimama mjane.

"Jina la mbwa?"

"Ulichukua."

Mzee wa kanisa, aliyekuwa hajafika mbali, akasimama bila kugeuka.

"Mama," nikasema, "nataka jina la mbwa."

"Ndilo hilo. Mwite uone."

"Hilo si jina, hilo ni shtaka. Hiki ni kitabu cha serikali, hakiandiki ugomvi wa watu. Sema Simba, tuendelee."

Akasogea mezani, akakitazama kitabu. Hakujua kusoma, lakini alijua vizuri sana kilikuwa kitu gani. Miaka sita alikuwa anatafuta mtu wa serikali mwenye kalamu, na leo yupo, ameketi, na kalamu iko wazi. "Wewe mtoto wa kilima hiki," akaniambia taratibu, "umeniuliza jina, nimekujibu. Andika."

"Akiandika hivyo," mzee wa kanisa akasema, sasa amegeuka, "nami nitataka kiandikwe nilichojibu. Hapa si mahakamani."

Watu wakaanza kucheka, na mimi nikaona wananicheka mimi. Nitasema wazi: sikukasirika kwa sababu ya sheria. Nilikasirika kwa sababu dereva alikuwa ameegemea gari akitabasamu, na nilijua jioni ataisimulia habari ile kwa wenzake mjini: mabwana mifugo wa kule huandika matusi ya mbwa. Nilikuwa nimekwisha kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Nikasema, "Hakuna jina, hakuna sindano," nikaimwaga chini, kwenye vumbi, mbele ya mbwa. Mbwa akainusa.

Mjane hakugombana. Alizungusha kamba mkononi mara mbili, akaondoka na mbwa wake.

Wiki iliyofuata tulipanda Ngorongoro, kwenye maboma ya wafugaji upande wa juu wa kreta. Huko mambo yalikuwa mepesi zaidi, maana mbwa hawakuwapo kabisa. Mbwa wa Kimaasai hafungwi kamba, wala halali bomani mchana akisubiri wageni. Anatoka na ng'ombe na anarudi na ng'ombe. Mzee mmoja mwenye fimbo alitutazama sisi na kasha letu la barafu kwa huruma.

"Mbwa iko na ng'ombe," akasema. "Wewe ngoja jioni."

"Jioni geti la hifadhi linafungwa," dereva akasema.

"Basi lala hapa. Maziwa iko."

Dereva alicheka kwa dharau, nami nikacheka. Kulala bomani, mtu mwenye viatu kama vyangu! Nikamwuliza mzee boma lake lina mbwa wangapi, akataja. Nikaenda boma la pili, na la tatu, nikauliza vilevile, huku nimekaa garini na mlango wazi. Barafu ilikuwa imekuwa maji. Tuliporudi Karatu niliketi ofisini mchana kutwa nikazijaza kurasa: Simba, dume, kahawia. Popi, jike, nyeupe. Simba, dume, nyeusi. Dawa iliyobaki nikaimwaga mferejini ili chupa zioane na mistari. Nilipofika kwenye orodha ya balozi wa kilima chetu nikakuta nyumba ya mjane haina mstari. Niliijaza nayo. Simba, dume, kahawia, amechanjwa. Sikufikiri hata kidogo. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Mkubwa wangu alifungua kitabu kile, akageuza kurasa bila kusoma, akasema huu ndio mfano wa kazi.

Wakati wa kuvuna maharage Ulichukua alipigana na bweha karibu na kijito. Hilo watu walikuja kulikumbuka baadaye. Baada ya muda akawa hali chakula, anatafuna vijiti, anamtazama mwenye nyumba kama hamjui. Siku aliyokata kamba alimkuta mzee wa kanisa kwenye kile kipande chake chenye rutuba, ameinama anang'oa maharage, akamwuma mguuni na mkononi. Vijana wakamuua mbwa kwa magongo, wakamchoma moto pamoja na mabua. Mzee alipakiwa kwenye tela la trekta akapelekwa hospitali ya misheni.

Pale hospitali palikuwa na sindano za kuwachoma watu walioumwa, zile za kuzunguka kitovu, moja kila siku kwa siku kumi na nne. Zilikuwa chache, na utaratibu ulikuwa kwamba anapewa aliyeumwa na mbwa asiyechanjwa. Aliyeumwa na mbwa aliyechanjwa anasafishwa kidonda na kurudishwa kwake. Tabibu akaagiza rejista ya chanjo iletwe. Niliipeleka mwenyewe. Njiani, kilomita zote zile, nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kutengeneza ukweli kichwani. Nilichotengeneza ni uso wa kiserikali.

Tabibu alikuwa mtu aliyechoka, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi, mguu umefungwa, kofia magotini. Mjane naye alikuwapo. Alikuwa ametembea kwa miguu tangu alfajiri, hakuna aliyemwita, na vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini. Nilidhani amekuja kujitetea.

Tabibu akapitisha kidole kwenye mstari. "Simba, dume, kahawia. Amechanjwa." Akafunga kitabu. "Una bahati, mzee. Tutakusafisha kidonda, utakwenda nyumbani."

"Mbwa wangu hakuchomwa," mjane akasema.

Tabibu akamtazama. "Bibi, imeandikwa hapa."

"Hakuchomwa. Nilikuwapo. Dawa ilimwagwa chini."

Wakanigeukia. Hapa ndipo nilipokuwa na neno moja tu la kusema, fupi, na kila mtu angekwenda zake. Nilisema hivi: "Huyu mama ni mtu mzima sana. Siku ile mbwa walikuwa wengi, amesahau." Nilisema kwa upole, hata nikamwekea mkono begani. Alikuwa na umri wa mama yangu na hakuwahi kusahau kitu maishani mwake, ndiyo maana alikuwa na mbwa yule.

Tabibu alitazama kitabu cha jalada la kijani, akamtazama mwanamke mwenye vumbi magotini, akachagua kitabu. Mtu yeyote wa ofisi angechagua hivyo. Akaanza kuandika karatasi ya kumruhusu mzee aondoke.

Na mzee alikuwa kimya. Alijua vizuri kuliko sisi sote. Alikuwapo uwanjani, aliona dawa ikinuswa na mbwa. Lakini akisema mbwa hakuchanjwa ataulizwa kwa nini, na akiulizwa kwa nini itabidi aseme jina. Nilimwona analipima. Nakuapia, yule mzee wa kanisa alikaa pale akipima kipande cha shamba kando ya kijito na kifo cha ghalani, na kwa muda fulani vilikuwa sawasawa. Nilimdharau, na papo hapo nilikuwa namwombea aendelee kunyamaza.

Mjane akamwendea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kusimama mbele yake bila mbwa katikati.

"Sema wewe," akamwambia. "Mimi hawaniamini."

Mzee akatazama kofia yake. "Ni jike," akasema. "Jeusi, kifua cheupe. Si Simba."

Tabibu akainua kalamu. "Anaitwa nani basi?"

"Anaitwa Ulichukua."

"Ulichukua nini?"

Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Tabibu hakuwa mtu wa kwetu, alidhani jina limekatwa. Lakini mzee alikuwa ameliepuka kwa miaka sita, na lilipomkuta lilimkuta amechoka, ana homa, na benchi ni gumu.

"Kipande cha shamba," akasema.

Hakuna aliyecheka. Tabibu aliweka kalamu chini, akaichana karatasi ya ruhusa, akamwita muuguzi alete dawa. Mzee akafungua vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Alichomwa siku ile na siku kumi na tatu zilizofuata, akapona, na akaishi miaka mingi. Shamba hakurudisha. Alikiri mbele ya watu watatu, na alipofika nyumbani akalima palepale, na Jumapili akasoma matangazo kama kawaida.

Nje, kwenye baraza, nilimkuta mjane anafunga khanga yake tayari kwa safari ya kurudi. Nilimwuliza kilichomleta, maana kwa kweli sikuelewa. Angenyamaza tu nyumbani, nikamwambia, na jirani yake angekwisha, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mimi nina ugomvi naye," akasema. "Kufa ni kitu kingine."

Akanitazama kidogo, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Akashuka ngazi akaenda zake kwa miguu. Land Rover ilikuwa pale, nafasi ilikuwapo, na sikumwita. Miaka yote tangu hapo nimesimulia watu habari ya yule mzee na kofia yake, nao hucheka, na ninapofika kwenye sehemu ya gari huwa nairuka.

Nilirudi ndani kuchukua kitabu. Tabibu alikuwa amekifungua tena, amevua miwani, anasoma karibu sana na karatasi.

"Huu mstari ulikosewa," akasema.

"Nilichanganya nyumba mbili," nikasema. "Mbwa walikuwa wengi."

Akaitikia kwa kichwa, hakuonekana kushangaa. Akageuza ukurasa, kisha mwingine, mpaka akafika kwenye kurasa za maboma ya Ngorongoro. Kidole chake kikateremka taratibu: Simba, Popi, Simba, Simba, Popi. Huko juu mtu akiumwa anasafiri siku nzima kufika pale, akifika.

"Na hawa wengine?" akauliza.

Alikuwa ananitazama bila ubaya wowote. Alitaka tu kujua. Mzee alikuwa bado amelala nyuma ya pazia alikochomwa sindano, namsikia anavyopumua.

"Hao wako sawa," nikasema.

Akafurahi. Akaniomba kitabu kibaki pale hospitali, kwa sababu sindano ni chache, na kingemsaidia kujua nani achomwe na nani arudishwe nyumbani.

Nikamwachia.